Mwaka Nilioivua Nyumba ya Bibi Vitambaa

Nyumbani kwa Bibi hakuna kitu kilichokuwa kinakaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, jagi la maji chake chenye shanga pembeni ili upepo usikibebe. Friji lilivaa juu na mkononi. Makochi yalivaa mgongoni na kwenye mikono yote miwili, na mtungi wa gesi ulikuwa na kitu kama gauni la harusi, chenye marinda. Vyote alivifuma mwenyewe, uzi mweupe, ukingo wa kijani, kwa sindano ya ndoano iliyokuwa imepinda kidogo kufuata kidole chake. Nilipohamia pale kuanza kidato cha tatu, jambo la kwanza nililomuuliza ni kama na mimi nitapimwa. Akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, akasema, "Wewe uzi hautatosha, mke mwenzangu. Huo mdomo peke yake unakula mabunda mawili." Tukapendana kuanzia hapo. Mke mwenza ndivyo bibi anavyomwita mjukuu wa kike kwetu, kwa sababu mume ni mmoja, yaani Babu, hata kama Babu mwenyewe alishafariki mimi nikiwa bado nanyonya. Na wake wenza wa namna hiyo wana ruhusa ya kutaniana mpaka wageni waone haya. Hakuna mtu mzima anayeingilia kati. Nimeiwaza sana ruhusa hiyo siku hizi.

Mwezi uliopita niliingia sebule ile ile na kanga kichwani, siku ya msiba wa Bibi. Wanawake wa mtaa walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na ukuta mzima ulikuwa uchi: redio uchi, televisheni uchi, friji limesimama kama mtu aliyetolewa bafuni kabla hajamaliza kuoga. Mama mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti ya msibani, ile ya chini inayosikika mpaka jikoni, "Bi Nyamizi huyu alikuwa fundi wa vitambaa, sijui vilikwenda wapi vyote." Mwenzake akasema labda macho yalimchoka. Mimi nilijua vilikwenda wapi. Nilishika birika nikaenda kuwaongezea chai watu ambao vikombe vyao vilikuwa vimejaa. Nina miaka kumi na nane, na wakubwa huniambia kwamba mtu wa umri wangu hana kumbukumbu, ana matukio tu. Sawa. Basi hili ni tukio.

Kwa nini nilikuwa naishi kwa Shangazi Mwanaidi na si kwa wazazi wangu, tuliache hilo. Ni refu na kila aliyemo anajiona ndiye mwenye haki. Nyumba ilikuwa Isevya, Tabora mjini, na Bibi, ambaye ndiye mama yake Shangazi, alikuwa na chumba cha nyuma karibu na jiko. Chumba cha mbele kilikuwa ofisi ya Shangazi: meza mbili, printa moja, mashine ya fotokopi iliyokohoa kabla ya kila karatasi, benchi la wateja, na kompyuta. Asubuhi wanafunzi wa kuchapisha fomu, mchana makarani, katikati yao watu wa vijijini. Nakumbuka mzee mmoja wa Kigwa aliyeteremka kwenye treni akaja moja kwa moja kuchapiwa barua ya shamba, akasimama mlangoni akatoa salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka" kwa watu wote na kwa printa pia, kwa sababu ilikuwa inatoa sauti. Mwalimu wetu wa historia alikuwa hachoki kutuambia kwamba misafara ya pembe ilipita mtaani kwetu ikielekea Ujiji. Nilimwambia Bibi kwamba ndiyo maana vumbi lake halijamaliza kutua. Akasema, "Na wewe ndiye uliyebaki nyuma ya msafara, wakakusahau makusudi."

Kompyuta Bibi aliiita Mgeni, kwa vile ilikuja ikasemwa itakaa kwa muda na haikuondoka. Na mgeni haachwi hivi hivi. Sipiyu, lile boksi la pembeni ambalo ndilo lenye akili zote, alilifumia kitambaa kikubwa kilichofunika juu na kuning'inia pande zote mpaka karibu na sakafu, na mbele akaacha tundu la kidole cha kuwashia. Kitambaa kile kilikuwa matundu matupu, kama wavu. Ungeweza kuchuja chai ndani yake na majani yote yakapita. Ninalisema hili mapema kwa sababu kesi inakuja, na mshitakiwa hakuwa na wakili.

Mwaka ule, joto la Oktoba lilipoanza, feni ya nyuma ya sipiyu ilianza kulia. Kwanza kidogo, kama mlango wa stoo, kisha kama paka anayekanyagwa. Fundi wetu alikuwa Kulwa, kijana mpole wa Igunga mwenye kibanda karibu na stendi. Alikuja, akasikiliza, akasema feni imekwisha, akaleta mpya kwenye boksi dogo. Kabla hajaifunga, simu ikaita kutoka kwao: mama yake anaumwa. Akaiweka feni mezani. "Shangazi, nisubirini wiki moja. Isizidi." Shangazi alikuwa na mitihani ya shule tatu ya kuchapisha, na wiki moja kwake ilikuwa kama mwaka. Akanitazama. Mimi nilikuwa na alama nzuri ya fizikia na maoni makubwa kuhusu alama hiyo. Nikachukua bisibisi ya cherehani.

Kulwa nilimpigia simu, hilo nijitetee. Alikuwa ndani ya basi, upepo unapiga kwenye simu. "Zuhura, skrubu nne tu. Lakini tazama ubavuni mwa feni kuna mshale, uangalie unaelekea wapi kabla ya—" Nikamkata. "Fundi, feni ni feni. Kwani ya dari ina kichwa na miguu?" Watu kwenye benchi wakacheka, na mimi nikicheka na watu huwa sisikii kingine. Nikakata simu. Nikaishika ile feni mkononi. Upande mmoja mapanga yalikuwa wazi, yanang'aa. Upande wa pili kulikuwa na vyuma vya kushikilia na karatasi ya maandishi. Nikajiuliza, uso wa feni ni upi? Ile ya mezani sebuleni inawatazama watu kwa mapanga yake. Basi na hii niliigeuza uso, nikaitazamisha nje, kwa heshima. Nikafunga skrubu nne. Ikazunguka kimya kabisa. Shangazi akapiga makofi, Bibi akaleta kitambaa akamvisha Mgeni upya, na nikapewa sahani yangu peke yangu ya michembe ya viazi vikavu na karanga, kama wanavyopewa wanaume.

Siku ya pili, saa tano asubuhi, kompyuta ilizima yenyewe katikati ya mtihani wa jiografia. Ikawashwa, ikakaa dakika ishirini, ikazima. Ubavu wa sipiyu ulikuwa wa moto kiasi kwamba paka wa jirani alikuja kuuegemea na akaondoka. Tulijaribu kila kitu. Nilipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli mpaka chumba kizima kikapiga chafya. Tulisogeza meza mbali na dirisha la jua. Tulileta feni ya sebuleni tukaielekeza kwake, na Shangazi akafanya kazi huku karatasi zinaruka. Tulipofungua mfuniko wa pembeni ikadumu saa nzima, na hapo ndipo nilipopata jibu mbele ya benchi lililojaa. Mfuniko ukifunguliwa inapona, kwa hiyo tatizo ni kwamba imefunikwa. Na nani ameifunika? Nikasimama, nikakinyanyua kitambaa kwa vidole viwili kama mtu anayenyanyua ushahidi, nikasema, "Jamani, mgonjwa tumempata. Bibi kamvalisha mtu sweta, Tabora, mwezi wa kumi."

Benchi zima liliangua kicheko. Mwanafunzi mmoja akarudia, "Sweta!" Karani mmoja mnene akajifuta machozi. Bibi alikuwa mlangoni na kikombe cha uji cha Shangazi mkononi, na yeye akacheka, meno yote aliyobakiwa nayo. "Mke mwenzangu huyu ataniua," akasema. Akaweka uji mezani, akakichukua kitambaa kwenye vidole vyangu, akakikunja mara nne. Kisha akainama nyuma ya sipiyu, taratibu, ameshika kiuno. "Sasa hii inapumulia wapi?" Nikamwonyesha kwa fagio. Akaweka kiganja pale kwenye feni, akakaa nacho, kama anavyompima mtoto homa. "Mbona hapatoki kitu? Mbona kama inavuta?" Nilikuwa na benchi lililonitazama, linangoja neno jingine. Nikasema, "Inatweta, Bibi. Nawe ungevuliwa sweta ungetweta." Wakacheka tena. Bibi akaondoa kiganja.

Nimekirudia kiganja kile mara nyingi kuliko mtihani wowote. Mwanamke ambaye hajawahi kuigusa hata kibodi alikuwa amelipata kosa, kwa ngozi yake, kwa muda usiofika dakika moja. Mwenye fizikia nilikuwa mimi.

Kitambaa kiliondoka na kompyuta ikaendelea kuzima. Ningekuwa mtu wa kawaida ningeanza kujiuliza. Lakini utani ulikuwa umeshatoka nje, mtaani watu walikuwa wananiita "Sweta" kwa furaha, na mimi ningekuwaje mjinga tena ndani ya siku mbili? Nikamwambia Shangazi kwamba joto limeshaingia mwilini, litatoka kidogo kidogo, kama malaria. Akaamini. Bibi naye aliamini, na yeye akiamini jambo halilazi. Kesho yake nilirudi kutoka shule nikamkuta sebuleni mbele ya redio. "Na hii inapumua?" Nikasema kila chenye umeme kinapumua. Akakivua kitambaa cha redio. Akaenda kwenye televisheni. Akaenda kwenye friji, akalivua juu na mkononi. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi nakula embe na chumvi, namtazama kama ninayetazama mchezo. Akafika kwenye jagi. "Na jagi?" Jagi! Ilikuwa rahisi sana kusema hapana. "Jagi nalo, Bibi. Maji yanataka hewa." Akazivua shanga zile polepole, moja baada ya nyingine zikigonga bati la meza, akavipeleka vyote kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Makochi aliyavua mwenyewe bila kuniuliza.

Siku hiyo tulikula wali wa Igunga na maharage ya nazi. Bibi alisema ameshiba kabla hajanawa. Baada ya swala ya alasiri nilikuwa uani nasugua sufuria, na dirisha la chumba chake lilikuwa wazi juu ya kichwa changu. Nikamsikia Shangazi akisema, "Mama, ni kompyuta tu. Achana nayo." Kisha Bibi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ile isiyo na kicheko pembeni: "Mwanaidi, miaka yote mimi nilidhani nasitiri. Kumbe naunguza." Shangazi akaguna. Bibi akaendelea, "Redio ya baba yako ilikufa vile vile, ghafla, ikiwa na kitambaa juu. Tukasema ni betri." Nikaacha kusugua. "Na yeye mwenyewe. Homa ile ya mwisho, anatetemeka, nikawa namfunika. Blanketi, na juu yake shuka, na juu yake kanga zangu. Kila akilitupa namrudishia. Siku mbili, Mwanaidi. Huyu mtoto anasema kitu chenye joto hakifunikwi." Shangazi akamwambia, "Mama, usiseme hivyo." Basi. Hakumwambia kwamba si kweli, maana naye hakuwa na hakika.

Nilibaki nimechutama na mchanga wa kusugulia mkononi. Niseme ukweli, jambo la kwanza lililonijia halikuwa huruma. Lilikuwa hofu, kama ya mtu aliyerusha jiwe kwa mchezo akasikia kioo. Nikamalizia sufuria zote, hata ambazo hazikuwa chafu.

Ijumaa ile Bibi aliwasha udi kama kawaida. Alikuwa akizunguka na chetezo chumba hadi chumba kabla ya swala, na ofisini alikuwa hapiti kwa haraka, alisema wateja wanaleta kila aina ya upepo. Shangazi alikuwa ameenda kupeleka mitihani shuleni. Bibi akakiweka chetezo sakafuni nyuma ya sipiyu, akaenda kutia udhu. Mimi nilikuwa nimekaa kitini, kompyuta inaunguruma, na macho yangu yakaufuata moshi bila kazi yoyote. Ulipanda wima, mwembamba, mpaka usawa wa feni. Hapo ukapinda. Ukaingia ndani. Wote, kama uzi unaovutwa na sindano. Dakika moja baadaye ulianza kutoka kwenye nyufa za mbele, pembeni mwa kitufe cha kuwashia, umechoka. Feni ya nyuma kazi yake ni kutoa joto nje. Yangu ilikuwa inalirudisha ndani siku kumi mfululizo, uso umetazama watu.

Nilizima, nikafungua skrubu nne. Mshale ulikuwepo ubavuni, mdogo, umechorwa kwenye plastiki, unaonekana hata na mtu mwenye usingizi. Nikaigeuza. Nikafunga, nikawasha, nikasogeza chetezo. Moshi ulifika kwenye feni ukasukumwa mbali mpaka ukutani. Dakika tano hazikupita. Bibi alirudi na matone ya maji kwenye nyusi, akanikuta nimesimama na bisibisi. "Umepata nini?" Hapo. Ilikuwa hapo. Chumba kilikuwa na sisi wawili tu, hakuna benchi, hakuna wa kucheka. Nikasema, "Najaribu kumpulizia udi mgeni wako, Bibi, anuke kama mtu." Akatabasamu, akachukua chetezo chake akaenda kuswali.

Kompyuta haikuzima tena. Shangazi alisubiri siku tatu kabla ya kutangaza. "Mnaona?" aliwaambia wateja. "Vitambaa vimetoka, joto nalo limeitoka kidogo kidogo, sasa siku tatu haijazima hata mara moja. Zuhura ana kichwa huyu." Karani mnene akaniuliza kama nitasomea uhandisi. Nikasema nitasomea ushonaji wa masweta. Nilikuwa nimezipokea sifa, nimezila, na bado nilikuwa na njaa ya kuwachekesha watu.

Kulwa alirudi wiki ya tatu, mama yake amepata nafuu, akiwa na fuko la mchele kwa ajili ya Bibi. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibu. Sisi tumeshapona, mwenye kosa alikuwa ni mimi." Akamweleza kila kitu, sweta na yote, anacheka mwenyewe kabla hatujamcheka. Kulwa akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ngoja aiangalie feni tu, aridhike. Akafungua. Akaitazama kwa muda mrefu kwa kazi ya skrubu nne. Bibi alipokwenda kumtilia chai, akaniambia bila kunyanyua kichwa, "Uliigeuza lini?"

"Nini?"

"Zuhura. Matundu ya skrubu yana alama pande zote mbili. Ilifungwa, ikafunguliwa, ikageuzwa. Lini?"

"Ijumaa ile."

"Kitambaa kilitoka lini?"

Akafunga mfuniko. "Kile kitambaa hata ningevaa mimi nisingetokwa jasho," alisema. "Utamwambia?"

"Nitamwambia, fundi."

"Mimi si mtu wa kupeleka maneno. Wewe ndiye mwenye bibi." Akanywa chai yake, akasifia tangawizi, akaondoka. Na hakusema kwa mtu yeyote. Mara nyingine nilitamani angekuwa na mdomo kama wangu.

Nilijaribu. Mara ya kwanza ilikuwa jikoni, Bibi anasonga ugali, mimi nachambua mlenda. "Bibi, nikwambie kitu?" "Niambie." Akaacha mwiko, akanigeukia, uso wazi kabisa. Nikasema, "Hivi mume wetu alikupendea nini, maana kupika hukujua." Alicheka mpaka akakaa. Mara ya pili nilimkuta barazani, mikono mapajani. Sikuwa nimezoea kuiona mikono ile bila uzi. Ilikuwa inasuguana, kidole kwa kidole, kama inayotafuta kitu kilichoanguka. Nilikaa karibu naye robo saa nzima. Mwisho nikaigiza namna karani mnene anavyoteremka kwenye bodaboda. Mara ya tatu sikufika hata mwanzo. Halafu mwaka ukaisha, nikawa kidato cha nne, kuna mitihani, na Bibi alikuwa amerudia kutania kama zamani, nikajiambia ameshasahau. Ilinifaa kuamini hivyo. Nilichaguliwa kidato cha tano shule ya bweni, mbali, na likizo zikawa fupi, na kila likizo niliingia sebuleni nikaona friji lile na nikatafuta neno la kuchekesha kabla sijavua viatu.

Mwaka huu alilazwa hospitali ya Kitete, nikapewa ruhusa shuleni. Nilifika wakati wa kuona wagonjwa, saa saba mchana, jua limesimama juu ya bati. Alikuwa mdogo kitandani kiasi kwamba nilidhani nimekosea wodi. Shangazi alikuwa upande mmoja na ndugu wengine wawili upande wa pili. Bibi alikuwa anatetemeka, na shuka lilikuwa limekunjwa miguuni. Nikalishika nimfunike. Akanishika mkono. Kiganja kile. "Mke mwenzangu," alisema, pumzi ndogo ndogo, "hili halitaniunguza?"

Ndugu wale wakatabasamu, wakadhani anatania. Shangazi naye. Nilijua peke yangu kwamba anauliza. "Haliunguzi, Bibi," nikasema. "Halijawahi kuunguza." Nikamfunika mpaka kidevuni. Nilitaka kuongeza habari ya feni, ya mshale, ya moshi, na kwamba Babu alikufa kwa homa na si kwa blanketi. Lakini sikuweza kuanza mbele ya watu watatu, mimi ambaye mbele ya watu ndipo ninapoweza kila kitu. Nikasema moyoni kesho nitakuja mapema, niwe peke yangu. Alfajiri simu ya Shangazi iliita.

Baada ya siku ya tatu, wageni walipopungua, Shangazi aliniita chumbani kwa Bibi tupange nguo za kutoa sadaka. Tukalivuta sanduku la bati. Juu kulikuwa na kanga, chini vitambaa, vimekunjwa mara nne nne, vimewekewa karafuu. Shangazi akavitazama, akasema, "Hivi angevitoa tu, kuliko kuvificha." Na hapo nikamwambia. Nilimwambia kila kitu kwa mpangilio, simu ya Kulwa, uso wa feni, udi, dirisha lile na sufuria. Sikuweka hata neno moja la kuchekesha, na niligundua sijui kuongea hivyo. Sauti ilikuwa inanitoka kama ya mtu mwingine. Shangazi alikaa kwenye kitanda. Nilingoja anipige, au alie. Alisema tu, "Alikuwa anainuka katikati ya chakula, anakwenda kushika ubavu wa friji kama lina joto." Kisha akanisukumia sanduku kwa mguu. "Virudishe. Kila kimoja pale kilipokuwa."

Nilivirudisha. Cha redio nilikijua kwa duara lake. Cha friji nilikosea, nikakiweka cha kochi, nikarudia. Vingine viwili mpaka leo sijui vilikuwa vya nini. Aliyejua ni yeye. Jagi nililivisha mwisho kwenye sebule, shanga zikagonga bati.

Kitambaa cha kompyuta kilikuwa chini kabisa ya sanduku, kimefungwa ndani ya karatasi ya ofisi, karatasi ya mtihani wa jiografia uliokatikia katikati. Nilikikunjua ofisini, kompyuta ikiwa imewashwa. Kilikuwa kile kile, tundu la kidole mbele. Lakini upande wa nyuma alikuwa amefumua sehemu, mraba mmoja, akauzungushia ukingo mpya wa kijani, uzi wa duka jingine, kijani kilichokolea kidogo. Sindano ya ndoano ilikuwa bado imechomekwa pembeni, kazi imekwisha kasoro mishono michache. Hakuwahi kukijaribu. Labda aliogopa. Nikamvisha Mgeni, nikakivuta mpaka kikakaa sawa, nikazunguka nyuma nikapiga magoti. Dirisha lile la mraba lilikuwa limeangukia juu ya feni, kona kwa kona, na hewa ya moto ilipita katikati yake bila kugusa uzi hata mmoja. Niliweka kiganja changu pale. Kilibaki na nafasi pembeni. Alikuwa amelipima dirisha kwa kiganja chake.